Mbeba Siwa wa Lwambi

Katika bunge la kaunti yetu, pale mjini Lwambi, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kambi zote mbili zilikubaliana kwamba hana ubaya, na mtu huyo hakuwa na rafiki hata wa kunywa naye chai. Jina lake Jairo Amukowa. Kazi yake ilikuwa kubeba siwa, lile rungu kubwa la mbao lililovishwa shaba, akitangulia mbele ya Spika na kulilaza mezani. Siwa ikiwa mezani, linalosemwa ni sheria. Siwa isipokuwepo, linalosemwa ni porojo za watu waliokalia viti vizuri. Ndiyo maana kila waheshimiwa walipokosana, macho yote yaligeukia mikono ya Jairo.

Na walikosana, tena si kidogo. Mwaka huo ugomvi ulikuwa juu ya lango. Gavana alitaka bajeti ya nyongeza imjengee lango na ukuta wa makazi yake, na nusu ya wawakilishi wadi wakasema lango lijengwe, kiongozi hawezi kulala kama kuku. Nusu nyingine wakasema pesa hizo ziende kwenye wadi, barabara zitengenezwe. Usidhani hao wa pili walikuwa malaika. Katika orodha yao ya barabara walikuwa wamechomeka safari ya wajumbe kumi na wanane kwenda ng'ambo kujifunza jinsi barabara zinavyotazamwa. Sisi wananchi tuliwaita Kambi ya Lango na Kambi ya Wadi, tukawa tunawasikiliza redioni wakitukanana huku tukipalilia. Kuna wiki ambayo kambi moja ilikutana bungeni na nyingine ikakutana hotelini, kila moja ikijiita bunge. Lakini siwa ni moja, na ilikuwa imefungiwa kwenye chumba cha chuma, na Jairo alikuwa na ufunguo.

Alikuwa na wasaidizi wawili. Mmoja Kambi ya Lango ilimkataa kwa sababu mama yake alitoka wadi ya akina Litunda, kiongozi wa Kambi ya Wadi. Mwingine Kambi ya Wadi ilimkataa kwa sababu alionekana akicheka na dereva wa gavana. Akabaki Jairo peke yake, mzee wa miaka hamsini na minane, mrefu, mkimya, aliyenyooka mgongo kwa kupenda hiyo kazi yake kuliko ilivyostahili kupendwa.

Kutokuwa na upande hakukumjia bure. Mwaka wake wa kwanza alikwenda kumzika baba wa mheshimiwa mmoja, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya. Akapewa kiti hema la mbele, akala nyama, akarudi. Wiki iliyofuata nusu ya bunge ilikataa kusimama alipoingia na siwa. "Huyo ni wao," walisema. "Tulimwona akila." Jairo aliumia sana. Akajiwekea sheria: hataonekana kwenye mazishi ya mtu, wala harusi, wala mchango. Kwa sababu kwetu hakuna mazishi yasiyo na wanasiasa, na ukikaa hema hili umewakimbia wa hema lile. Miaka kumi na mmoja hakukanyaga kilio cha mtu. Mtoto wa Beliah, jirani yao wa ukutani, alipokufa kwa ajali, Jairo alipita barabarani asubuhi hiyo akiwa na sare yake nyeusi, akaliona hema, akaangalia mbele.

Aliyekwenda ni Timina, mkewe. Timina alijaza maharagwe kwenye kopo, akajifunga leso, akaenda kwa miguu. Alikwenda kwa wa Lango na kwa wa Wadi, kwa matajiri na kwa wasio na hata jeneza. Hakukaa hema la mbele. Alikwenda nyuma jikoni na wanawake, akamenya ndizi, akachota maji, akarudi jioni ananuka moshi. Jairo alikuwa anamwuliza, "Kulikuwaje?" na Timina alikuwa anajibu, "Tumemzika." Yakaisha. Kusema kweli, nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea kwa watu, na mlango huo ulikuwa Timina.

Jumamosi moja Timina alianguka shambani kati ya mistari ya majani chai. Mshipa wa kichwa, daktari alisema. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha.

Walikuwa na mtoto mmoja, Fanice, aliyekuwa akifanya kazi za nyumba huko Dammam, Saudia. Mwajiri alikuwa amemshikia pasipoti na hakutaka kusikia habari za msiba. Fanice alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. "Baba, watu watakuja kumzika mama?" aliuliza. "Usimwache mama azikwe kama mtu asiye na watu." Jairo alimwahidi. Lakini alipokata simu alikaa ukingoni mwa kitanda akajiuliza angewatoa wapi. Alianza kuwahesabu watu ambao angeweza kuwapigia simu kama marafiki, akahesabu mpaka akakumbuka kwamba namba nyingi alizokuwa nazo ni za ofisi.

Jumatatu alirudi kazini, kwa sababu kambi zilikuwa zinatafuta siwa na Karani wa Bunge, Hezron, alimwomba asiwaachie ufunguo. Jumanne vilevile. Jioni alirudi nyumbani akingoja wanaume waje kuota moto uani kama inavyofanyika, wapange mazishi. Hawakuja. Kwetu wanaume hukaa kwenye moto wa mtu aliyekaa kwenye moto wao. Hata hivyo alikuta uwanja umefagiliwa, mapipa yamejaa maji, na kuni zimepasuliwa zikapangwa. Jumatano alikuta kaburi limechimbwa, kingo zimenyooka vizuri. Alitafuta mtu wa kumshukuru asimwone. Akadhani naibu wa chifu ndiye aliyetuma vibarua.

Alhamisi ndiyo siku ya mazishi. Jairo alivaa sare yake ya bunge, maana ndiyo suti pekee aliyokuwa nayo. Alikuwa amekodi hema na viti mia mbili, na kwenye ratiba aliandika ibada ianze saa tatu asubuhi, kama anavyoandika ratiba za bunge. Jeneza lililetwa saa mbili. Ndugu za Timina walikuwa njiani kutoka Kitale. Saa tatu ikafika. Viti mia mbili vyeupe, na juu yake hakuna mtu. Jairo alisimama kando ya jeneza akiwa ameshika mikono mbele, kama anavyosimama kazini, na aibu ikamjaa. Si aibu yake. Ya Timina. Mwanamke aliyewazika watu miaka yote hiyo, halafu siku yake viti vinatazamana vyenyewe.

Saa tatu na nusu Hezron akapiga simu.

"Mzee Jairo, pole sana. Najua leo ni siku gani. Lakini bajeti inaanguka. Leo ndiyo siku ya mwisho kisheria, na hawa wamekubali kuketi pamoja, ajabu ya mwaka. Wanachosema ni kwamba siwa haiji na mtu mwingine. Ni wewe tu."

"Hezron, nina mwili hapa uwanjani."

"Lisaa limoja tu, mzee wangu. Subiri, ongea na Mheshimiwa Khavere."

Khavere alikuwa kiongozi wa Kambi ya Lango, mama mwenye sauti ya kwaya. "Mzee wa Siwa, pole, pole kabisa baba. Sikia. Tupitishe hii kitu, tukitoka hapo sisi sote na magari yetu tunakuja kumzika mama. Msafara mzima! Unafikiri tutamwacha mke wako azikwe hivi hivi?"

Simu ikanyakuliwa. Sasa alikuwa Litunda wa Kambi ya Wadi. "Mzee, asikudanganye huyo, wao ni wachache. Sisi ndio watu kumi na tisa. Tunakuja wote, na watu wetu wa wadi wanatufuata. Huo uwanja wako utajaa mpaka ulie."

Jairo aliangalia viti. Hapo ndipo moyo wake ulipokatika, na mimi simlaumu, ingawa wengi kijijini wanamlaumu mpaka leo. Hakwenda kwa ajili ya bajeti. Alikwenda kumtafutia mkewe watu.

Alipokuwa anafungua lango alikutana na Beliah anaingia, sufuria kubwa kichwani, nyingine mkononi.

"Baba Fanice, unaenda wapi?"

"Nakwenda mara moja bungeni. Nitarudi na watu."

"Watu gani tena? Watu wanakuja."

"Wanakuja saa ngapi, mama? Ratiba ilisema saa tatu."

Beliah alimwangalia kama anayemwangalia mgeni. "Wakishapima majani chai ndio waje. Kwani mazishi huanza saa tatu kwa nani? Kaa hapa, mzee. Kaa na mtu wako."

Mtu aliyezoea mazishi ya kwetu angejua. Majani huchumwa alfajiri, hupelekwa kwenye kituo cha kupimia, lori huondoka saa nne na nusu, kisha watu huenda kuoga, na saa tano njia zote huwa zimejaa. Mtoto wa darasa la pili anajua hilo. Jairo hakujua, kwa sababu miaka kumi na mmoja hakukaa kilioni akaona watu wanavyoingia. Tena pale kazini kwake, mtu akisema "wanakuja" maana yake bado wanaoga. Akadhani Beliah anamfariji tu. Akamwomba amwangalizie, akapanda bodaboda.

Saa nne kamili alitoa siwa kwenye chumba cha chuma, akakusanya simu za waheshimiwa kwenye sanduku kama sheria inavyotaka, na ya kwake akaizima akaiweka juu ya nyingine. Akatangulia mbele ya Spika. Wote walisimama. Akailaza siwa mezani, akarudi kwenye kiti chake mlangoni, akaanza kuhesabu dakika.

Walianza kugombana kabla ya kumaliza sala. Kambi ya Lango ilitaka ukurasa wa lango usomwe kwanza. Kambi ya Wadi ikataka ukurasa wa barabara. Mtu mmoja akaimba, mwingine akapiga meza, mwingine akarusha bajeti yenyewe hewani, karatasi zikatapakaa. Spika aliahirisha kwa nusu saa. Wakarudi, wakaanza walipoachia. Mara ya tatu mheshimiwa mmoja kijana alirukia meza akaikamata siwa, ili aipeleke hotelini kikao kikaendelee huko bila wengine.

Jairo alimfikia kabla hajafika mlangoni. Aliikumbatia siwa kwa mikono yote miwili, akaketi nayo sakafuni, watu wazima kumi na wawili wakamwangukia wakivuta huku na huku.

"Achia, mzee!"

"Achia wewe! Ni mali ya nani?"

"Mzee wa Siwa, sisi si ndio tuliokutetea walipotaka kukustaafisha? Achia!"

Aliiona saa ya ukutani kupitia katikati ya miguu ya watu. Saa sita na robo. Alipofanikiwa kusimama alimwendea Spika akiwa bado ameikumbatia.

"Mheshimiwa, mke wangu yuko uwanjani hajazikwa."

"Najua, mzee. Dakika kumi tu. Ukiondoka sasa watairarua hii nyumba."

Angeweza kuiweka chini akaenda zake. Alilifikiria hilo, tena sana. Siwa ikachukuliwa na yeyote, bajeti ikapita au isipite, lango likajengwa au lisijengwe, hata ng'ombe asingepungukiwa nyasi. Lakini akiondoka sasa angeondoka peke yake, na viti vile mia mbili alikuwa bado anaviona. Akaketi kwenye kiti chake mlangoni, siwa mapajani. Saa saba ikapita, na saa nane. Dakika kumi za Spika zilikuwa nyingi.

Saa tisa kasorobo walikubaliana jambo moja, kwamba wana njaa. Spika akaahirisha kikao hadi Jumanne. Ile siku ya mwisho kisheria ikapatiwa siku nyingine ya mwisho, kama ilivyo desturi ya bunge letu.

Jairo alifungia siwa, akachukua simu yake, akaitia mfukoni bila kuiwasha, akakimbia kwenda kwenye maegesho. Magari yalikuwa yamewashwa. Alimwendea Khavere kwanza.

"Mheshimiwa, tunaweza kwenda sasa."

"Na Litunda anakuja?"

"Alisema mnakuja wote."

Khavere alipandisha kioo nusu. "Baba, mimi siwezi kukaa hema moja na mtu aliyeniita mwizi saa hii hii. Nitakuja kesho, nikutembelee vizuri, tuongee."

"Kesho hakuna mazishi, mheshimiwa."

"Pole sana, baba."

Litunda alikuwa ameshakaa kwenye gari lake, anakula ndizi. "Mimi nilikuwa tayari, mzee, Mungu ni shahidi. Lakini nasikia yule mama anataka kuja. Akija atachukua kipaza sauti, na mimi nikinyamaza watu wangu wataniuliza. Nisamehe. Wao wakienda, sisi hatuendi."

"Yeye amesema haendi."

Litunda aliacha kutafuna. "Haendi? Kwa nini haendi? Kuna kitu anapanga huyo." Akamwambia dereva amfuate Khavere kule alikokwenda, na gari likaondoka.

Jairo alibaki kwenye maegesho na mlinzi wa lango, ambaye alikuwa anaangalia mawingu. Akapanda bodaboda. Mvua iliwakuta njiani, wakaendelea nayo. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Timina, kwamba alijaribu, kwamba atamzika yeye na shemeji zake na Beliah, hivyo hivyo walivyo.

Kabla hajafika langoni aliona kitu kimeharibika barabarani. Tope lilikuwa limekanyagwa na miguu mingi, pande zote mbili, mpaka nyasi za ukingoni zimelala. Ndani ya uwanja viti mia mbili havikuwa tena kwenye mistari. Vilikuwa vimevutwa huku na huku, na kati yake mabenchi ya kanisa, na magunia yaliyokaliwa, na majani ya migomba yaliyokaliwa. Nyuma ya nyumba wanawake wapatao ishirini walikuwa wanasugua sufuria kwa majivu. Walipomwona waliacha kusugua mmoja baada ya mwingine.

Kule upande wa shamba, mahali pa shimo, palikuwa na tuta la udongo mwekundu, limepigwa koleo likalainika, mvua ikichirizika juu yake.

Beliah alikuja akikausha mikono kwenye leso. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Tulikungoja mpaka saa nane," alisema. "Nilikupigia mara saba. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine ng'ambo ya mto, na mvua ilikuwa inaanza kuingia shimoni. Shemeji zako walitaka tuendelee kungoja."

"Na kwa nini hamkungoja?"

"Watu walisema, huyu hajawahi kuja. Walidhani ndivyo ulivyo."

Jairo aliangalia viti vilivyovutwa huku na huku. Baadaye akauliza, "Walikuwa wangapi?"

"Nani angehesabu? Walitoka wadi ya Litunda, walitoka kwa akina Khavere, hawa hawa wasiosalimiana. Wamekaa benchi moja wakilia. Wameimba mpaka sauti zikaisha. Kila mtu alitaka kusema vile Timina alimjia na kopo lake la maharagwe." Akamtazama. "Na zile salamu zako. Kila alipokuja kwetu alisema, Baba Fanice anawapa pole, amefungwa na kazi lakini yuko nanyi. Hata kwa mtoto wangu alisema hivyo."

Jairo hakuwahi kutuma salamu zozote. Wala Timina hakuwahi kumwambia kwamba anazipeleka.

"Asante," alisema.

"Usinishukuru. Tumemzika Timina, alitudai, tumemaliza." Alisema bila ukali, kama mtu anayefunga mlango polepole usigonge. "Ugali uko mezani, umefunikwa. Ule. Mimi nina ng'ombe wa kukama."

Wanawake waligawana sufuria zao, wakamwaga maji, wakatoka kwa makundi, wawili wawili, watatu watatu. Walipompita walisema pole, mzee. Alijaribu kuwajibu kwa majina akakuta hajui hata moja. Shemeji zake walikuwa wameshaondoka, gari la Kitale halingoji. Uwanja ukawa wake.

Alikwenda kwenye tuta. Aliinama akachukua udongo kiganjani, jinsi mume anavyotupa udongo wa kwanza, kisha akabaki ameushika, maana shimo la kuutupia halikuwepo tena. Akauweka juu ya ule mwingine, akaupiga kidogo kwa vidole ukashikana.

Akawasha simu. Haikumaliza hata kuamka, ikalia mkononi. Ilikuwa ile simu ya picha, na uso wa Fanice ulijaa kioo, macho yamevimba, nyuma yake jiko la watu, jeupe na kubwa.

"Baba! Mama Beliah alinishikia simu, nimeona yote. Nimeona watu, baba, walijaa! Nimeona jeneza likishuka. Nikawa nawaambia, geuzeni simu nimwone baba, geuzeni huku, geuzeni kule, sikukuona. Ulikuwa umesimama upande gani?"

Jairo alielekeza simu kwenye tuta ili asijibu.

"Hapo nimeshapaona," Fanice alisema. "Jigeuzie wewe nikuone."

Akaigeuza polepole. Mtoto wake alimwona alivyo, amelowa, koti jeusi lenye vifungo vya kaunti, kimoja kimeng'oka. Mtu aliita kwa Kiarabu nyuma yake, naye hakugeuka.

"Ulikuwa kazini," alisema.

Hakuwa anauliza. Jairo akasema ndiyo.